Maswali ya Wasomaji: Kutoka Shambani Kwenda Mjini Kutafuta Kazi

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mtu wa kijijini anayefunga mzigo kwenda kutafuta kazi mjini. Tumezipanga kama safari yenyewe inavyokwenda, kuanzia hesabu ya nyumbani hadi siku ya kuamua kurudi. Fedha tulizotaja hazina jina la sarafu. Weka bei za kwako mahali pake.

SWALI: Jirani yangu aliyehamia mjini anasema kibarua kule hulipwa mara tatu ya huku. Mimi nalima na kufanya vibarua vya mashamba ya watu. Je, hiyo mara tatu inatosha kunitoa nyumbani?

JIBU: Peke yake haitoshi. Ujira wa siku ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni siku ngapi kwa mwezi utaupata ujira huo. Wachumi John Harris na Michael Todaro waliliandika jambo hili mwaka 1970: anayehama hupima mshahara wa mjini pamoja na uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana watu huendelea kwenda mjini hata wanapojua kwamba wasio na kazi huko ni wengi, kwa sababu ujira mkubwa unaopatikana mara chache unaweza bado kuupita mdogo unaopatikana kila siku. Unaweza pia usiupite, kwa hiyo kaa chini uhesabu.

Tuseme kibarua kijijini hulipa 100 kwa siku na mjini 300. Katika msimu wa kazi nyingi unapata siku 22 kijijini, yaani 2,200. Chakula kikuu kipo ghalani, unanunua vitu vidogo vya 600. Unabaki na 1,600. Mjini chumba ni 900, chakula 60 kwa siku (1,800 kwa mwezi), nauli 20 kwa siku 24 za kutoka (480), maji na choo 150. Jumla 3,330, na hiyo utailipa upate kazi usipate. Ukipata kibarua siku 12, unaingiza 3,600 na kubaki na 270. Hapo umepoteza. Ili tu ulingane na nyumbani unahitaji 4,930, ambazo ni siku 17 za kazi.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa miezi ya ukavu. Kijijini vibarua vimebaki siku 5, umepata 500 na kutumia 600, una pungufu la 100. Kwa miezi hiyo siku 11 za kazi mjini zinatosha kukuweka mbele, na zile 270 zilizoonekana hasara sasa ni faida. Ujira haukubadilika mahali popote. Kilichobadilika ni msimu, na hapo ndipo wengi hukosea: huuliza "mjini kuna kazi?" kabla ya kuuliza "nyumbani nitaacha nini mwezi huu?"

Kuna jaribio linalofaa kujulikana hapa. Mwaka 2008, katika eneo la Rangpur kaskazini mwa Bangladesh, watafiti walizipa kaya maskini fedha kidogo zinazolingana na nauli, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende kufanya kazi mahali pengine katika miezi ya njaa. Fedha hizo zilizifanya kaya zipatazo 22 kati ya 100 kumtuma mtu ambaye vinginevyo asingeondoka. Kaya hizo zilikula vizuri zaidi, na wengi walirudia safari miaka iliyofuata bila kupewa chochote. Kilichokuwa kimewazuia ni hofu ya kupoteza nauli na kurudi mikono mitupu wakati ghala ni tupu. Mpango huo ulipokuzwa kufikia kaya nyingi zaidi, mwaka 2017, haukuleta matokeo yale yale, kwa hiyo tusiuchukue kama dawa ya kila mahali. Unatuonyesha tu kwamba mtu maskini anayesita kuondoka huwa ana sababu, naye hastahili kuitwa mvivu.

SWALI: Nibebe nini, na fedha kiasi gani?

JIBU: Fedha za siku 45. Ukipata kazi ya mwezi ndani ya wiki mbili, bado utafanya kazi mwezi mzima kabla ya mshahara wa kwanza. 15 na 30 ndiyo hizo 45. Wanaobeba za wiki moja hujikuta wiki ya tatu wanakopa kwa msimamizi, na deni hilo huwafunga mahali hata kazi ikiwa mbaya. Ukifikia kwa mwenyeji, kodi inapungua lakini usiifute kabisa. Mchangie chakula tangu siku ya kwanza na mwambie mapema utakaa siku ngapi. Mwenyeji wa kwanza anavumilia siku 14 kwa moyo mweupe. Zikizidi, anaanza kukuhesabia maji.

Nauli ya kurudi itengwe kando kabisa. Ishonwe kwenye nguo au iachwe kwa mtu wa nyumbani atakayeituma ukiomba. Isihesabiwe ndani ya siku 45.

Kitambulisho halisi, nakala zake mbili na picha yake kwenye simu. Vyeti vya shule na vya ufundi, hata vya mafunzo mafupi. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu laini ya jina la mwingine ikipotea hutaweza kuirudisha pamoja na fedha zilizomo. Namba tano muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu huibiwa siku ya kwanza stendi, mtu akiwa bado anashangaa magari. Kama una kifaa cha ufundi kinachobebeka, kama mwiko wa uashi, pimamaji au mkasi wa kushonea, kibebe. Mwenye mwiko wake huchaguliwa kuwa fundi msaidizi, asiye nao hubeba zege.

SWALI: Wakala amekuja kijijini kwetu anaandikisha vijana. Anataka ada kwanza, kisha atatusafirisha na kutupa fedha za kuachia familia. Vitambulisho atavishika "kwa usalama". Ni wa kweli?

JIBU: Msimpe fedha wala vitambulisho.

Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama. Si kila nchi imeuridhia, ila kama kipimo cha nia ya mtu unafaa popote: mwenye kazi kweli hulipwa na anayehitaji wafanyakazi. Kushika vitambulisho nako ni mojawapo ya dalili ambazo shirika hilo hutumia kutambua kazi ya kulazimishwa, iliyopigwa marufuku na mkataba wake wa 29 wa mwaka 1930.

Lililotutia wasiwasi zaidi katika barua yako ni zile fedha za kuachia familia. Zinaonekana kama wema, na kumbe ndizo kamba. Hivi ndivyo deni la utangulizi linavyofanya kazi, kwa mfano katika tanuri za matofali za India na Pakistani. Familia hupokea fedha kabla ya msimu, kisha ujira huhesabiwa kwa idadi ya matofali, na mwenye daftari la matofali ndiye mwenye daftari la deni. Chakula, dawa na siku za mvua huongezwa kwenye deni. Msimu ukiisha deni lipo, na mtu hurudi msimu unaofuata kulifanyia kazi. India ilipiga marufuku utumwa wa deni kwa sheria ya mwaka 1976, na bado unaendelea, kwa sababu anayekopeshwa hana nakala ya hesabu.

Mwulizeni wakala mambo manne: jina la mwajiri na mahali kazi ilipo, ujira kwa siku au kwa kipande, siku ya malipo, na nani analipa nauli ya kurudi. Kisha mmoja wenu ampigie mtu anayefanya kazi pale sasa hivi, kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si aliyowapa yeye. Akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu.

SWALI: Nichukue chumba cha bei rahisi nje ya mji au cha ghali karibu na kazi?

JIBU: Watu wengi hulinganisha kodi peke yake. Chumba cha pembeni ni 500 na nauli 50 kwa siku. Kwa siku 24 nauli ni 1,200, jumla 1,700. Cha karibu ni 900 na nauli 20, jumla 1,380. Cha "ghali" kimekuachia 320, zaidi ya ujira wa kutwa. Kwa kibarua kuna jambo jingine zito kuliko nauli: wasimamizi huchagua watu alfajiri, na ikifika saa 2 asubuhi waliobaki kijiweni wamebaki. Anayeamka mbali hufika gari limeshaondoka. Kwa mwenye kazi ya mwezi, yenye saa maalumu, chumba cha mbali chenye hewa na maji kinaweza kuwa bora, hasa kama ana watoto.

Kabla ya kulipa, nenda ukakione chumba mara mbili: mchana, na usiku au baada ya mvua. Tazama alama ya maji ukutani, karibu na sakafu. Mstari wa matope ni kimo cha mafuriko yaliyopita. Uliza wapangaji, si mwenye nyumba, maji hutoka siku zipi na ndoo ya lita 20 huuzwaje. Mtu mmoja huhitaji angalau ndoo hiyo moja kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, na familia ya watu wanne inayonunua maji kwa ndoo inaweza kulipa sana bila kujua. Hesabu wapangaji wanaotumia choo kimoja. Angalia nyaya za umeme: zilizounganishwa kwa utepe na kupita chini ya bati lenye joto ndizo huwasha moto.

Dirisha ni lazima. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kisicho na dirisha wanacholala watu sita ndicho mahali pake. Usilale kamwe na jiko la mkaa ndani, hata kama moshi umekwisha na limebaki kaa jekundu tu. Mkaa unaoonekana umetulia bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki. Wageni kutoka vijijini hufa hivi katika miezi ya baridi kwa sababu nyumbani walizoea jiko hilo hilo kwenye nyumba zenye mianya, na hakuna aliyewaambia kwamba chumba cha zege hakipumui.

Lipa kodi kwa risiti au kwa simu, iandikwe mwezi unaolipiwa. Malipo ya awali ya miezi mingi yakiombwa, omba upunguziwe miezi badala ya bei. Hujajua bado kama kazi yako itakaa upande huo wa mji.

SWALI: Nafanya kibarua cha ujenzi. Msimamizi anatulipa "kidogo kidogo" na anasema salio tutapata jengo likiisha. Ananidai uvumilivu, mimi namdai wiki tatu.

JIBU: Wiki tatu zimeshapita kiasi. Kadiri unavyomdai ndivyo anavyokumiliki, kwa sababu ukiondoka unaziacha. Jiwekee mpaka wa siku 6. Siku ya 7 bila malipo, siku ya 8 tafuta pengine, huku ukiendelea kudai.

Daftari ndiyo silaha yako. Kila jioni andika tarehe, mahali, kazi, saa ya kuanza na kumaliza, ujira mliokubaliana, ulicholipwa na salio. Kila mwisho wa wiki mtumie msimamizi ujumbe mfupi: "Nimefanya siku 6, umenilipa siku 2, salio siku 4." Akijibu, amekiri. Asipojibu, ujumbe una tarehe. Piga picha kibao cha mradi, kile kinachoonyesha mwenye jengo na mkandarasi mkuu. Mara nyingi fedha hupotea kati ya mkandarasi mkuu na mkandarasi mdogo aliyewachukua ninyi, na nchi kadhaa humruhusu mfanyakazi kudai ngazi ya juu. Sheria ya India ya mwaka 1970 kuhusu kazi za mkataba, kwa mfano, ilimbebesha mwajiri mkuu wajibu wa kulipa ujira ambao mkandarasi ameshindwa kuulipa. Nendeni mkiwa kundi na daftari zenu kwenye ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi. Madai ya watu kumi yenye tarehe zinazolingana ni vigumu kuyakana.

Hakuna kuvumilia kunakotakiwa kisheria. Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka ujira ulipwe kwa vipindi vya kawaida na kwa fedha halali, wala si kwa vikaratasi vya kuchukulia bidhaa katika duka la msimamizi.

Na mwili wako pia ni mtaji. Pendekezo la 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linaweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo kwa mwanamume mzima; mfuko wa saruji wa kilo 50 unakaribia hapo, miwili unapita mbali. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, bila maumivu ya mwanzoni. Ikiingia kwenye buti, vua na uoshe kwa maji mengi pale pale, usingoje jioni. Vumbi la kukata mawe na zege huharibu mapafu yasipone tena. Loweka kwa maji kabla ya kukata, kwani kitambaa puani hakizuii chembe zile ndogo.

SWALI: Mume wangu yuko mjini mwaka wa pili. Anatuma fedha, lakini kila jambo la shamba lazima nimsubiri aamue kwa simu. Palizi ilichelewa, mahindi yakatoka mabaya. — Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, kosa hilo si lako, na linarekebishika. Palizi ya kwanza ya mahindi inataka kufanyika wiki ya 2 hadi ya 3 tangu yaote, kabla magugu hayajanyang'anya mbolea na maji. Mume aliyeko mjini haoni magugu, anaona tu gharama ya vibarua. Kaeni siku anapokuja nyumbani mgawane mamlaka kwa mambo yaliyotajwa. Kwa mfano: wewe unaamua vibarua, mbegu, dawa za mifugo na kuuza kuku au mbuzi mmoja; ng'ombe, kipande cha shamba na mkopo mnaamua pamoja. Mwambieni na mzee wa ukoo anayeheshimiwa, ili asije shemeji akakuzuia kwa jina la mume.

Kuhusu fedha, ombeni zifuate kalenda ya shamba. Kiasi kile kile kila mwezi kinapendeza, lakini kinakukosesha vibarua wakati wa palizi. Kutuma mara chache kwa mafungu makubwa pia hupunguza makato, kwa kuwa makato ya kutuma kwa simu mara nyingi huwa makubwa kwa uwiano fedha zikiwa ndogo. Huduma hizi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, zimewaokoa wengi na kubebeana bahasha. Namba ya siri usimpe mtu, hata mtoto anayekusaidia kusoma ujumbe.

Shamba msiliache bila kulimwa misimu miwili mfululizo kama umiliki wenu ni wa kimila. Pasipo jembe, mpaka husogea.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, ameombwa akafanye kazi za ndani mjini.

JIBU: Tunakusihi amalize shule kwanza. Kama umri wa kuanza kazi katika nchi yako umetimia na hakuna njia nyingine, shikilia haya: masharti yaandikwe, ajulikane atalala wapi na kama mlango unafungwa kwa ndani, apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki (ndivyo unavyotaka mkataba wa 189 wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani), mshahara uingie mikononi mwake mwenyewe, na awe na simu yake. Mpigie kila wiki siku ile ile. Kubalianeni neno moja la kawaida ambalo akilitaja maana yake ni "njoo unichukue", kwa sababu huenda akazungumza mwajiri akisikiliza. Ukilisikia, nenda siku hiyo hiyo.

SWALI: Kwa nini serikali zisiwazuie tu watu wasijae mijini?

JIBU: Zimejaribu. Afrika Kusini ilitumia sheria za pasi hadi zilipofutwa mwaka 1986, ikiwakamata watu kwa kosa la kuwa mjini. China ilifunga watu kwa usajili wa makazi, hukou, tangu mwaka 1958. Sensa yake ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 376 wanaoishi mbali na mahali waliposajiliwa. Watu walikwenda tu, ila walikwenda bila haki ya shule, matibabu au makazi. India nayo ilipofunga shughuli zote Machi 2020, wafanyakazi waliohama walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini, kwa sababu ujira ulikatika siku moja na kadi zao nyingi za chakula cha ruzuku zilitumika nyumbani tu. Kinachosaidia ni haki kumfuata mtu aendako. Tena katika nchi nyingi sehemu kubwa ya ukuaji wa miji hutokana na watoto wanaozaliwa humo humo, ambao hakuna kijiji cha kuwarudisha.

SWALI: Nina miezi minne mjini, sijatulia. Naona aibu kurudi. Nitajuaje kwamba wakati umefika?

JIBU: Tumia daftari lako. Hesabu siku za kazi kwa kila mwezi kati ya hiyo minne, kisha ulinganishe na ile idadi ya siku zinazokuweka sawa na nyumbani. Kama zinapanda, mathalani 8, 11, 14, 16, ongeza miezi miwili. Watu wanaanza kukujua na kazi huja kwa kujulikana. Kama zimesimama, na umekopa kula miezi miwili mfululizo, rudi kabla nauli uliyoitenga haijaliwa. Ukiweza, rudi mwanzoni mwa maandalizi ya shamba, ili siku zako za kwanza nyumbani ziwe za kazi na si za kuulizwa maswali.

Kabla ya kupanda gari, nakili namba za mafundi na wasimamizi waliokulipa vizuri, waage wewe mwenyewe, waambie utapatikana kuanzia mwezi gani. Mlipe mwenyeji wako anachokudai, hata kwa mafungu mliyokubaliana, na muombe akuhifadhie mwiko na buti. Msimu wa ukavu ukirudi utakuwa na mahali pa kufikia na watu wa kuwapigia, na zile siku 45 zinaweza kuwa 20.